Jinsi ya Kupanga Safari ya Mashua ya Kuangalia Ndege na Viumbe wa Mikokoni katika Hori la Tudor, Mombasa

Mtu akisema hapa Mombasa kwamba Jumapili anakwenda kuangalia wanyama, wanaomsikia hudhani gari limekwisha kukodiwa la kumpeleka Tsavo au Shimba Hills. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya nyumba za Tudor, Mikindani na Mishomoroni kuna hori refu, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lenye mikoko kila upande, ambamo furukombe huvua samaki na kenge huota jua juu ya magogo, umbali mfupi tu kutoka soko la Kongowea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuingia hori hilo kwa mashua, pamoja na jamaa au marafiki wachache, na kurudi akiwa ameona kitu cha kusimulia.

Kwanza tulijue hori lenyewe. Linaanzia kwenye bandari ya kale, mahali ambapo majahazi yalitia nanga chini ya Mji wa Kale, likapita kati ya kisiwa na Nyali, chini ya daraja lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile daraja la kuelea la mwaka 1931, kisha likapanuka kuwa kama ziwa baada ya kuupita mtaa wa Tudor. Huko mbele linagawanyika kuwa vijito vingi vyembamba vinavyopenya mikokoni kuelekea Jomvu na vilima vya Rabai, na mwisho wake hupokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Kwa hiyo kadiri unavyoingia ndani ndivyo bahari inavyogeuka kuwa mto, na viumbe nao hubadilika pamoja na maji. Njia hii ni ya zamani. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walioanzisha kituo cha misheni Rabai mwaka 1846, walifika huko kwa kupita hori hili kwa mashua na kisha kupanda kilima kwa miguu, na Wajomvu, ambao ni mmojawapo wa Tisa Taifa za Waswahili wa Mombasa, walikuwa wakiishi kando ya maji haya tangu kabla yao.

Ni vyema pia kujua mapema yale ambayo hutayaona, hasa ukiwa na watoto ambao wameshaahidiwa mambo makubwa. Hapa si mahali pa viboko. Anayetaka viboko aende kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, ambako wapo viboko na mamba pia, na ambako mashua haipasi kuchukuliwa kwa mzaha. Hori la Tudor ni mahali pa ndege, kaa, kenge, samaki wa ajabu na miti yenyewe, na mtu asiyekuwa na subira ya kutazama vitu vidogo huenda akachoka kabla ya kufika Mikindani.

Kuchagua siku na saa

Watu wengi huanza kupanga safari kwa kumpigia nahodha simu na kumwambia, "Tutakuja saa tatu asubuhi." Hilo ndilo kosa la kwanza, na huzaa karibu makosa mengine yote. Unaanza na mwezi. Ukiujua mwezi utayajua maji, na ukiyajua maji utajua saa ya kuondoka, na hapo ndipo simu inapopigwa.

Katika siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa kuna bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Katika siku hizo maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo huwa yamepinduka: maji hujaa yapata saa nne na kupwa yapata saa kumi, lakini hayo ni maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 1 hivi. Kwa hesabu hii peke yake mtu anaweza kukisia hali ya maji ya siku yoyote kwa kutazama mwezi tu, kama walivyofanya wazee wetu. Anayetaka uhakika zaidi atumie jedwali la maji linalochapishwa na Halmashauri ya Bandari za Kenya, akikumbuka kwamba vipimo vyake ni vya bandari ya Kilindini na kwamba ndani kabisa ya hori maji huchelewa kidogo.

Je, maji gani yanafaa? Kwa mtu anayetaka kuona viumbe, maji yaliyojaa kabisa ni mazuri kwa safari lakini mabaya kwa macho, kwa sababu matope yote huwa yamefunikwa, kaa wamo mashimoni na ndege wa ufukweni wamekwenda kupumzika mahali pasipoonekana. Maji yaliyopwa kabisa huonyesha kila kitu, lakini mashua haiwezi kukifikia. Kinachotafutwa ni yale maji ya katikati, na hasa kingo zinapoanza kufunuka. Saa ninayoipenda mimi ni alfajiri ya siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ambapo maji huwa yamejaa karibu na saa kumi na mbili asubuhi. Mnaondoka jua linapochomoza, mnaingia ndani maji yakiwa bado mengi, na mnarudi polepole huku yakitoka na matope yakijitokeza kando yenu. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: hori linaelekea upande wa kaskazini-magharibi, hivyo asubuhi jua huwa nyuma yenu mnapoingia, nalo humulika ndege badala ya kuwapofusha ninyi. Asiyeweza kuamka mapema anaweza kuchagua siku ya bamvua yenyewe, akaondoka yapata saa nane mchana na maji yanayojaa, akafika ndani saa kumi, na kurudi jua likielekea kutua, wakati ambapo ndege wa yangeyange hupita makundi makundi wakienda kulala. Wakati wa kwenda jua litamchoma usoni, lakini wakati wa kurudi litakuwa mgongoni kwake.

Kanuni moja isivunjwe kwa ajili ya chochote: kwenye vijito vyembamba ingieni maji yakiwa yanajaa au yamejaa, na mtoke kabla hayajapwa nusu. Mashua ikikwama maji yanapojaa, mtasubiri dakika chache nayo itaelea yenyewe. Ikikwama maji yanapotoka, mmepwelewa, na hakuna nguvu ya binadamu itakayoitoa mashua ya mbao yenye watu sita kwenye matope ya mikokoni.

Hilo sikulisoma mahali. Miaka kadhaa iliyopita niliwachukua mama mdogo na wanawe wanne, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, nami kwa kujiona mjuzi nikamwambia nahodha kwamba tungeondoka saa tatu asubuhi baada ya chai. Alininong'oneza kwamba maji yalikuwa yakitoka, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikilipa, basi akanyamaza. Tuliingia kijito kimoja kizuri chenye kivuli, tukaona mdiria, ndege mvua samaki, tukamfuata, na tulipogeuka kutoka, mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, ulikuwa umeshagusa chini. Mzee nahodha alisukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, mara tatu, akauchomoa, akautazama ulivyolowa matope, kisha akauweka chini taratibu. "Mwanangu," akaniambia, "hapa twakaa mpaka adhuhuri ipite." Tulikaa mpaka saa nane mchana. Aliwatandikia watoto tanga juu yao liwe kivuli, na mama mdogo hakunisemesha mpaka tuliporudi nyumbani.

Hata hivyo, siku ile ndiyo niliyojifunza kuangalia. Kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, tulinyamaza, na baada ya kama dakika kumi matope yaliyoonekana matupu yakaanza kutikisika. Kaa wadogo walitokea mmoja mmoja kwenye mashimo yao, madume yakiwa na gando moja kubwa lenye rangi kali na jingine dogo kama la mtoto, wakawa wanalipunga lile kubwa juu na chini kana kwamba wanamwita mtu aliye ng'ambo. Mtoto mmoja alipokohoa, wote walizama kwa pamoja, na tukasubiri dakika kumi nyingine. Tangu hapo, popote ninapopeleka watu, huomba mashua isimame mahali pamoja kwa robo saa nzima bila mtu kusema neno, na kila mara mtu hulalamika mwanzoni.

Kuhusu majira, miezi ya Septemba hadi Aprili ndiyo yenye ndege wengi, kwa sababu wageni kutoka Ulaya na Asia ya kaskazini huja kukimbia baridi ya kwao. Ndani ya miezi hiyo, kipindi cha kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa na bahari tulivu na maji maangavu kidogo. Mvua za masika zikishika, mito huleta tope na takataka za mji, na upepo wa kusi nao hufanya sehemu pana ya hori kuwa na mawimbi yanayowalowesha abiria. Safari bado inawezekana, lakini si ya kwenda na bibi.

Mashua na nahodha

Chombo kinachofaa ni mashua ya mbao au boti la faiba lenye injini ndogo na sakafu isiyokuwa na kina kirefu, linaloweza kubeba watu sita hadi wanane kwa nafasi. Boti kubwa za starehe zenye paa na spika hazifai hata kidogo: haziingii vijitoni, na muziki wake humfukuza kila kiumbe kabla hamjafika. Ngalawa au mtumbwi ni mtulivu zaidi na kwa watu wawili wazoefu hakuna kinachoushinda, lakini kwa familia yenye watoto usalama utangulie.

Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ambayo makao yake yako hapa hapa Mombasa, ndiyo inayokagua vyombo vidogo na kuwapa waendeshaji wake vyeti, kwa hiyo si utovu wa adabu kumwomba mwenye mashua akuonyeshe karatasi zake. Nenda kukiona chombo siku moja kabla. Tazama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya mashua, kama kuna maji mengi, na kama yapo, uliza yanafuliwa, yaani kuchotwa na kumwagwa nje, mara ngapi kwa siku. Hesabu jaketi za kuokolea maisha, uzivute mikanda yake uone kama inashika, na hakikisha kuna za kimo cha watoto, kwa maana jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto mara anapoanguka majini. Mashua yoyote yenye injini lazima iwe pia na upondo mmoja na angalau kafi mbili. Hivyo si vya dharura pekee, kwani ndivyo mtakavyotumia ndani ya vijito injini ikizimwa.

Nahodha bora kwa kazi hii ni mvuvi wa hori lenyewe. Utampata kwenye bandari ndogo za wavuvi, upande wa Tudor, Mikindani au Junda, na njia nzuri ya kumpata ni kuuliza kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile kinachojulikana na kila mtu kwa herufi BMU. Mvuvi kama huyo huenda asijue jina la kila ndege, lakini anajua furukombe hutua mti gani, kijito gani kina mchanga mlangoni, na wapi nyavu zimetegwa usiku uliopita. Mwamkie kwanza, mketi, mwulize habari za maji, ndipo mzungumzie bei. Patana naye gharama ya safari nzima, mafuta yakiwemo, na si kwa saa, kwa sababu anayelipwa kwa saa ana sababu ya kukawia na anayelipia kwa saa ana sababu ya kuharakisha, na hapo ndipo watu hupwelewa. Mpe nusu ya pesa kabla na nusu mkirudi. Mweleze wazi mambo mawili tangu siku hiyo: kwamba mtazima injini mara kwa mara, na kwamba yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu maji. Laiti mimi ningelisema hilo la pili.

Vitu vya kuchukua ni vichache. Darubini moja kwa watu wawili inatosha, nayo ifungwe kamba shingoni. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha hata mkichelewa kwa saa kadhaa, kofia yenye kamba ya kidevuni, nguo za mikono mirefu zenye rangi iliyopoa, dawa ya mbu kwa ajili ya usubi wa jioni ambao huuma kuliko wanavyoonekana, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Viatu viwe raba kuukuu zinazofungwa kamba. Ndara humezwa na matope hatua ya kwanza, na miguu mitupu hukatwa na chaza walioshika kwenye mizizi, na jeraha la chaza katika maji yale si jambo la kupuuza.

Ndani ya hori

Mkishapita daraja la Nyali, msianze kutafuta mikokoni mara moja. Tazameni juu. Mwewe huzunguka pale siku nzima wakiokota mabaki, na juu ya maji mapana buabua hujitupa kwa kichwa wakivua dagaa. Kunguru mtakaowaona kila mahali, wale wenye shingo ya kijivu, ni wageni waliotoka Bara Hindi, nao wamewasukuma mbali kunguru wetu wenye kifua cheupe na hula mayai na makinda ya ndege wengine. Nahodha wengi huwachukia, na katika hilo nami ni mmoja wao.

Mkikaribia ukingo, jifunzeni kuisoma miti, kwa sababu kila kiumbe kina mti wake. Kwa kawaida mlilana ndio unaosimama mbele, ukielekea maji mapana, na mbao zake zilizopinda ndizo mafundi hutengenezea mataruma, yaani mbavu, ya mashua. Nyuma yake husimama mkoko wenyewe, unaotambulikana kwa mizizi yake mirefu, magondi, iliyoinama kama miguu ya kaa. Mbegu zake huota zikiwa bado mtini, zikaning'inia kama mikuki ya kijani inayoweza kupita urefu wa rula ya shule, kisha zikadondoka na kuchoma matope au kuelea mpaka zipate mahali pa kushika. Ndani zaidi huja mkandaa, ambao magome yake yalitumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Mchu ni mti unaowafurahisha watoto: mizizi yake hutokeza juu ya matope kama vidole vingi vilivyosimama vikivuta hewa, na majani yake hutoa chumvi, hivyo ukiligusisha jani ulimi utaonja bahari. Kenya ina aina tisa za miti hii, na kaunti ya Mombasa ina hekta 3,771 za misitu yake kati ya hekta zipatazo 61,000 za nchi nzima, ambazo nyingi ziko Lamu.

Hapo sasa zimeni injini, na mwache nahodha aende kwa upondo. Namna ya kutazama ni kuanza chini na kupanda: kwanza ukanda wa matope uliofunuka, kisha mizizi, kisha matawi, mwisho vilele. Wageni hufanya kinyume, wakatazama vilele kwa kuwa wamezoea kwamba ndege huwa juu, na wakati huo kenge mwenye urefu wa kimo cha mtu amelala kwenye gogo mbele ya macho yao akiwa na rangi ileile ya gogo. Kwenye matope tafuteni samaki mdogo mwenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa, anayetambaa kwa mapezi yake na kuruka akishtuliwa. Huyo huishi nusu majini nusu nchi kavu, na hupumua kwa ngozi yake maadamu ina unyevu. Wavuvi hawamli na hawana shida naye, lakini kwa mgeni ndiye kiumbe atakayemkumbuka zaidi.

Ndege wa matopeni mtamtambua kwa mdomo na kwa mwendo. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, naye ndiye mla kaa mashuhuri: humchomoa kaa shimoni, humtikisa mpaka miguu ing'oke, kisha humeza mwili peke yake. Nimewahi kumhesabu mmoja akila kaa saba kabla mashua yetu haijapeperushwa na mkondo. Vitwitwi ni wadogo, huenda mbio kidogo, husimama, hutingisha mkia, na kwenda tena. Yangeyange wa hori hili huwachanganya watu, kwa sababu jamii moja ina weupe na wenye rangi ya kijivu iliyokoza kama mawingu ya mvua, na wote huvua pamoja. Msidhani ni ndege wawili tofauti mpaka mtazame vidole vyake vya manjano.

Mdiria anastahili kusubiriwa peke yake. Wapo wa aina kadhaa: mweusi na mweupe, anayesimama hewani mahali pamoja kabla ya kujitupa majini, mdogo wa buluu inayong'aa, anayepita chini sana juu ya maji hata huonekana kama cheche, na yule wa mikoko, mwenye kichwa cha kijivu, mgongo wa buluu na mdomo mwekundu mkubwa. Huyu wa tatu mara nyingi husikika kabla ya kuonekana, na hukaa kimya kwenye tawi la chini kwa muda mrefu, kiasi kwamba mashua ikienda polepole inaweza kupita karibu naye bila yeye kuondoka. Akikamata samaki au kaa, humrudisha tawini na kumpiga kulia na kushoto mpaka atulie. Mlio wa kupiga huko husikika vizuri kukiwa kimya, na nahodha mzoefu huelekeza mashua kwa kuufuata.

Furukombe, mwenye kichwa na kifua cheupe na sauti inayofanana na kicheko kirefu, hutafutwa kwenye miti mikavu iliyotokeza juu ya mikoko. Mkimwona, msimwendee moja kwa moja. Pitieni kando, kana kwamba mnaelekea kwingine, na mtu asinyooshe mkono, kwa sababu ndege mkubwa huogopa mkono ulionyooshwa kuliko mashua yenyewe. Vilevile, yeyote atakapoona kitu, asipige kelele wala asisimame ghafla. Watu sita wakikimbilia upande mmoja wa mashua ndogo, safari yenu itakwisha kwa namna nyingine. Patano letu la nyumbani ni kutaja mahali kama saa ya ukutani, omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, ikiwa ndiyo kumi na mbili: "Saa mbili, chini, kwenye mzizi." Hata watoto hulizoea baada ya mara mbili tatu.

Adabu ya hori

Hori lina wenyewe. Kuna wavuvi wa kamba na samaki, kuna wanaookota chaza, kuna vikundi vya vijana na kina mama wanaopanda upya mikoko. Maboya madogo na chupa zinazoelea kwenye mstari ni alama ya nyavu, basi pitieni mbali nazo au mzime injini na kuliinua panga lake la kuzunguka kutoka majini. Salamu hutolewa kutoka mbali, kabla ya kupishana, na picha za watu haziombwi kwa ishara ya simu bali kwa kinywa. Meli na kambi ya wanamaji upande wa Kilindini na Mtongwe ziacheni kabisa, kwani huko si kwa mashua za matembezi wala si kwa kamera.

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, hivyo kukata hata fito moja ya kuchukua nyumbani ni kosa, mbali na kwamba ni aibu. Chanzo cha mauti ya miti hii si shoka peke yake. Katika hori jirani la Mwache, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi kutoka bara ukafukia mizizi inayovuta hewa, na sehemu kubwa ya msitu ikakauka ikiwa imesimama. Katika Tudor tatizo linaloonekana kwa macho na kwa pua ni majitaka ya mji na plastiki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini chupa bado huja kwa maelfu baada ya kila mvua. Kwa sababu hiyo msiogelee humo, msioshe mikono kabla ya kula kwa maji ya hori, na jeraha lolote lisafishwe kwa maji safi mara moja. Mabaki ya chakula yarudi nchi kavu pamoja nanyi, pamoja na ganda la chungwa ambalo kila mtu hudhani halihesabiwi.

Mkiwa mnarudi, mwangalieni nahodha zaidi kuliko ndege. Akianza kupima kina kwa upondo kila baada ya muda mfupi, jueni kwamba wakati wa kutoka umefika, hata kama mdiria wa mikoko ndiyo kwanza ametua. Mkifika pwani, mlipeni nusu iliyobaki kabla ya kuanza kupiga picha za kuagana, msaidieni kufua maji na kuosha matope sakafuni, kisha nendeni mkafute darubini kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ikikauka usiku kucha kwenye kioo, asubuhi haitoki bila kuacha mikwaruzo. Raba zianikwe nje ya nyumba. Harufu ya matope ya mikokoni hukaa siku tatu, na mama mdogo hajasahau.